Paka Wangu Alirudi na Ushanga

Jumanne moja asubuhi, paka wangu aliingia ndani amevaa ushanga.

Sikumvisha mimi.

Ulikuwa ushanga mmoja mwekundu, mkubwa kama punje ya mahindi, umetungwa kwa uzi mweusi na kufungwa shingoni vizuri, fundo la mtu anayejua kufunga. Paka mwenyewe hana habari. Akapita katikati ya miguu yangu, akanusa sahani yake, akaidharau, akalala.

Nikabaki nimesimama na mswaki mdomoni.

Hapa Garsen mnyama wako akirudi na kitu ambacho si chako, unajiuliza maswali mawili. Nani huyu? Na anataka nini?

Wasee, kaeni vizuri niwasimulie. Mkicheka, chekeni polepole, maana mimi bado naishi hapa na watu wananijua.

Naitwa Jilo. Kazi yangu ni udalali wa mifugo. Ng'ombe nikimtazama mara moja nakwambia ana miaka mingapi, amezaa mara ngapi, na kama mwenyewe anadanganya. Wanyama nawajua. Ama nilidhani nawajua.

Mke wangu anaitwa Darmi. Mwaka huu Mungu alitujalia mtoto wetu wa kwanza, msichana. Kwetu sisi Waorma mzao wa kwanza mwanamke huenda kuzalia kwao, akakaa kwa mamake mpaka arobaini itimie. Kwa mamake Darmi si mbali. Ni Garsen hii hii, ng'ambo ya kichaka cha mathenge kilicho nyuma ya ploti yangu. Ila mathenge ni miiba mitupu, hayapitiki, kwa hiyo ukienda kwa barabara unazunguka nusu saa.

Sasa jambo moja mlielewe mapema.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani. Hawaongei. Nikimwona anakuja sokoni, mimi naacha njia na kugeuka. Yeye naye huvuta shela usoni akapitia upande ule mwingine. Jina lake silitaji, na hata hapa hamtalisikia. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe. Miaka mitatu ya ndoa hajawahi kunisemesha hata neno moja, wala mimi sijamsemesha. Kila kitu hupitia kwa Darmi.

Na siku ya kumi na mbili tangu mtoto azaliwe, kilipitia kitu kizito.

Darmi alinipigia simu.

"Mama amesema arobaini ikiisha sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Huko. Kwa panya."

Alikuwa na haki. Baada ya mafuriko ya mto panya walihamia kwangu na familia zao zote. Nami, kwa akili zangu, nilikuwa nimejaza magunia ya makapi ya ng'ombe kwenye chumba cha pili. Kabla Darmi hajaenda kwao, panya walikula shali ya mtoto. Mpya. Bado haijatoka kwa karatasi yake.

"Mama anasema panya aliyekula shali atakula kidole," Darmi akaendelea. "Mpaka nyumba iwe na paka. Na paka awe ametulia, si wa kuazima siku moja."

"Na wewe unasemaje?"

"Jilo, nimekumiss. Lakini huyu mtoto ana vidole vidogo sana."

Vidole vyenyewe nilikuwa nimeviona mara moja tu, siku ya saba, mtoto alipotolewa nje na shangazi yake nikampakata dakika kumi. Alinishika kidole gumba. Tangu siku hiyo nikirudi nyumbani naona nyumba ni kubwa mno.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na nane.

Nikaenda kwa Bi Mwanatumu, jirani yangu Mpokomo. Shamba lake liko kando ya mto, na ghala lake la mpunga halijawahi kujua panya. Ana mapaka kama ana biashara.

Akanionyesha mmoja wa kike, madoadoa ya kijivu na meupe, masikio yamesimama. Nikamwinua. Nikamtazama macho. Nikafungua mdomo nihesabu meno.

Akanikwaruza kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye saa.

"Bei gani?" nikauliza, damu inatiririka.

"Paka hauzwi, mwanangu. Paka huombwa."

"Basi naomba."

"Umetayarisha nyumba?"

"Nyumba ipo."

"Sikukuuliza kama ipo."

Akajifunga kanga yake akaja kukagua mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa chumba cha pili akatikisa kichwa.

"Jilo, hii si stoo. Hii ni hoteli ya panya. Magunia yatoke." Akachungulia nyuma ya mlango. "Na hii?"

"Dawa ya panya."

"Panya akila dawa, paka akala panya, utazika wawili. Itoke pia. Tafuta sanduku la kulala, liwe na nguo kuukuu yenye harufu yako. Karai la mchanga wa mto, uweke pembeni, ajisaidie hapo. Maji mbali na chakula. Dirisha lifungwe wiki nzima. Na ununue dagaa."

"Samaki? Ndani ya nyumba yangu?"

Kwetu samaki hawaingii ndani. Marehemu babu yangu akisikia harufu ya samaki alikuwa anahama kivuli.

"Basi kaa na panya," akasema Bi Mwanatumu, akaanza kuondoka.

"Nitanunua! Nitanunua dagaa!"

Akageuka. "Na la mwisho, hili ulishike. Usimlazimishe. Paka hafugwi. Paka hukubali."

Niliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeambiwa asahau.

Siku tatu nilifanya kazi. Magunia nikayahamishia kwa ndugu yangu mmoja. Nikaziba matundu kwa simenti. Nikafagia, nikapiga deki, nikachota mchanga mtoni. Nikaenda kwa Karisa fundi nikamwambia anitengenezee kitanda kidogo cha mbao, mfano wa sanduku.

"Cha mtoto?" akauliza Karisa.

"Cha paka."

Karisa aliweka nyundo chini akacheka mpaka akashika ukuta. "Jilo, kuna wateja wangu wanalala kwa mkeka."

"Wewe piga misumari."

Basi paka akaja, ndani ya kikapu, amefunikwa kichwa kwa kanga ili asikariri njia. Nikampa jina: Mtamba. Ndivyo tunavyomwita ng'ombe wa kike ambaye bado hajazaa, na mimi jina zuri zaidi silijui.

Mpaka hapo nilikuwa nimefanya kila kitu sawa. Halafu nikakumbuka babangu.

Babangu alikuwa akileta ng'ombe mgeni, humfunga kamba siku tatu kando ya zizi. Kisha huwasha vijiti vya moshi mzuri, vile vile ambavyo wanawake hufukizia vibuyu vya maziwa, akamzungushia huyo ng'ombe mpaka harufu ya alikotoka iishe. Ng'ombe wa babangu hawakuwahi kutoroka.

Nikawaza: mnyama ni mnyama.

Nikamfunga Mtamba kamba kiunoni, nikaifunga kwenye mguu wa kitanda. Nikawasha chetezo. Nikafungua dirisha kidogo moshi upumue. Nikaanza kumzungushia, na dua juu.

Wasee.

Sauti aliyoitoa yule paka sijawahi kuisikia, na mimi nimekaa minadani tangu utoto. Aliruka juu, akateremka na chandarua, akapindua chetezo, akachana kamba, akapita juu ya kichwa changu mimi mwenye nyumba, akatokea dirishani. Nilimwona mkia tu ukiingia kwenye mathenge.

Nikakaa chini katikati ya moshi. Siku ishirini na nne, na paka sina.

Jioni yake Darmi akapiga simu. "Paka amefika?"

"Amefika."

"Ametulia?"

"Ametulia sana."

Ni kweli nilidanganya. Dalali haelezi kasoro ya mnyama kabla hajaulizwa mara tatu.

Kesho yake asubuhi Mtamba akarudi, ameshiba, tumbo limejaa. Akanusa dagaa, akalala kwa muda wa saa mbili juu ya saruji, mbali na sanduku. Jua lilipopanda akatoka. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Alikuwa anakuja kwangu kama mtu anayekuja kusaini kazini.

Na Jumanne ndiyo akaja na ushanga.

Nikaenda kwa Bi Mwanatumu. "Ni wewe?"

"Mimi nikitaka paka wangu nitakuja na miguu yangu."

Nikamwonyesha Karisa. "Hiyo ni kazi ya watu," akasema. "Ukate, uuchome, na usome dua."

Sikuthubutu kuukata.

Nikajaribu kumfuata Mtamba ndani ya mathenge. Nilifika hatua sita. Miiba ilichukua shati, ikachukua kiatu kimoja, na ile ya saba ilitaka kuchukua jicho. Nikarudi kinyumenyume.

Basi nikapata wazo. Nikachana karatasi, nikaandika: *Huyu paka ana mwenyewe. Usimfunge vitu.* Nikaikunja ndogo, nikaifunga kwenye ule uzi mweusi.

Kesho yake Mtamba akarudi na karatasi nyingine, ya daftari la hesabu, lile la vijumba. Herufi kubwa kubwa, zimepanda mlima, zimeshuka bonde.

*MWENYEWE YUKO WAPI. PAKA ANA NJAA.*

Nikacheka. Mwizi wangu ni mtoto! Mwandiko wa darasa la tatu huu, la nne akisukumwa. Hofu yote ikanitoka. Nikachukua kalamu kama mkubwa anayejua nafasi yake.

*We mtoto, heshimu wakubwa. Paka anakula kwangu kila siku. Nikikupata nitakuchapa.*

Jibu: *KAMA ANAKULA KWAKO MBONA HAPA ANAKUNYWA MAZIWA MPAKA TUMBO LINAGUSA CHINI. WEWE UNAMPA NINI.*

*Dagaa. Na maziwa ya kibuyu.*

*KIBUYU KINA MOSHI. PAKA SI MZEE. MPE YA SASA HIVI YALIYOTOKA KWA NG'OMBE.*

Sikutaka kusikia mtoto akinifundisha maziwa, mimi mwana wa wafugaji. Lakini nikajaribu. Mtamba alilamba bakuli mpaka likahama kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Nikaandika: *Amekunywa. Asante.*

*SASA NIAMBIE KWA NINI ANAOGOPA KAMBA. NIKIANIKA NGUO ANAKIMBIA.*

Nikakaa na hiyo karatasi siku nzima. Mwishowe nikasema, aah, ni mtoto, atamwambia nani? Nikamweleza yote. Kamba, chetezo, dua, chandarua.

Jibu la kwanza lilikuwa maneno mawili: *ULIMFUKIZA PAKA.*

La kesho yake: *NIMECHEKA MPAKA MBAVU ZIMENIUMA. TOA KAMBA KABISA ASIIONE. KAA CHINI SAKAFUNI UNYAMAZE. UNAJUA KUNYAMAZA.*

Mtoto ana mdomo huyu! Lakini nikatoa kamba. Kitanda cha Karisa nikakiwekea shati langu la mnadani, halijafuliwa. Kila siku nikitoka sokoni nikawa nakaa sakafuni, mgongo ukutani, kimya. Siku ya tatu Mtamba akaja akanusa goti langu. Siku ya tano akaingia kwenye sanduku, akajizungusha, akalala.

Nikafunga peremende shingoni kwake, moja, iwe zawadi kwa mwalimu wangu. Mkono mtupu haulambwi.

*PEREMENDE IMEFIKA. KESHO LETA YA CHUNGWA.*

Nikanunua pakiti nzima ya chungwa.

Niwaambie ukweli, nilianza kuzingoja zile karatasi. Nyumba ilikuwa kimya, Darmi hayupo, na mtu wa kunitania nyumbani sikuwa naye. Asubuhi nikisikia kucha za Mtamba kwenye saruji naamka na furaha. Ningekuwa na aibu kuwaambia haya kama si kwa sababu nyinyi hamnijui sura.

Mtoto naye akawa ananipa habari zake. *MGENI AMEKAMATA PANYA WAWILI JANA.* Mgeni ndilo jina alilokuwa amempa paka wangu. Nikamwuliza kwa nini Mgeni.

*MGENI NJOO MWENYEJI APONE.*

Zikabaki siku tisa. Mtamba alikuwa analala kwangu nusu na huko nusu. Paka wa nusu si paka aliyetulia, na mama mkwe wangu si mtu wa kukubali nusu. Nikaona bora niseme wazi.

*Mtoto mzuri, nakuomba uniachie paka. Mke wangu yuko kwa mamake na mtoto mchanga. Mamake amekataa arudi mpaka nyumba iwe na paka. Zimebaki siku tisa. Nikikosa paka, nakosa watu wawili.*

Siku hiyo hakuna jibu. Mtamba alirudi shingo tupu, ushanga tu.

Siku ya pili hakuna.

Siku ya tatu ikaja karatasi. Herufi zilikuwa zimeandikwa taratibu kuliko siku zote, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

*HUYO MAMA NI MTU WA NAMNA GANI.*

Sasa hiyo ilikuwa siku ya mnada, na mnada ulikuwa mbaya. Jua kali, wateja wajuaji, ng'ombe mmoja alinikanyaga. Nikaandika na hasira zangu zote.

*Mkali. Jua la Garsen hupumzika jioni, yeye hapumziki. Nadhani hanipendi. Anaona dalali ni mtu wa mdomo tu.*

Nikafunga. Mtamba akaelekea mlangoni.

Nikamdaka, nikafungua ile karatasi, nikaandika kwa nyuma, pole pole:

*Lakini nimesema vibaya. Mumewe alikufa mke wangu akiwa mdogo. Ng'ombe wakaisha kwa ukame. Alisimama kando ya barabara kuuza maziwa ya watu mpaka binti yake akamaliza shule. Mke wangu akinipa chai hunipa kwa mikono miwili. Hilo halikutoka hewani. Mila ingeniruhusu ningemwambia asante. Hainiruhusu.*

Nikamwachilia.

Mtamba hakurudi.

Kesho yake hakurudi. Siku ya tatu nikazunguka Garsen nzima, kutoka stendi ya mabasi mpaka zizi la mnada, nauliza watu kama wameona paka mwenye ushanga. Watu wakanitazama. Siku ya tano nikamwomba Bi Mwanatumu paka mwingine.

"Wa kesho kutwa atulie? Haiwezekani," akasema. Akaniwekea mkono begani. "Huyo alikuwa ameanza kukukubali. Niliona."

Niliumia kuliko nilivyotarajia. Nikawa namlaumu yule mtoto, kisha najilaumu mwenyewe. Nani alinituma niandikiane na mwizi?

Siku ya thelathini na tisa nikampigia Darmi. Maji yalikuwa yamefika shingoni.

"Darmi, sina paka."

"Si ulisema ametulia?"

"Nilidanganya. Alikuwa anakuja na kwenda. Sasa ameenda kabisa. Mwambie Mama ukweli. Mimi sitaki kumwuzia mnyama ambaye hayupo."

Nikasikia, naapa, kicheko kimebanwa na shela.

"Mama mwenyewe hayuko, ametoka na ule mkoba wake," Darmi akasema. Kila alasiri mama mkwe alikuwa anatoka na mkoba, na sisi tulidhani ni mambo ya chama cha akina mama. "Jilo, lala. Kesho ni kesho."

Kile kicheko kiliniuma.

Asubuhi nilisafisha nyumba hata hivyo. Nikabadilisha mchanga wa karai. Nikaweka maji. Sijui nilikuwa namwekea nani, mkono ulikuwa umezoea tu.

Saa nne tuktuk ikasimama nje.

Darmi akateremka, mtoto kifuani. Mkono wa pili ameshika kikapu kilichofunikwa kanga. Na nyuma, kando ya barabara, palikuwa na mtu amevaa shela, ametupa mgongo.

Nami nikageuka haraka nikampa mgongo wangu. Tukasimama hivyo, mimi na mama mkwe, kila mtu anatazama upande wake wa Garsen, mpaka Darmi akaingia ndani na kuniita.

Akaweka kikapu chini. Akatoa kanga.

Mtamba akatoka, akajinyoosha, akapita moja kwa moja mpaka kwenye sanduku lake, akalinusa. Akatazama nyumba yote. Kisha akaenda kulala chini ya kitanda tulichomwandalia mtoto, ubavu kwa ubavu na mguu wa kitanda, kama mwenye zamu.

"Umempata wapi Mtamba?" nikauliza.

"Mtamba nani? Huyu ni Mgeni. Amekaa kwetu wiki tatu. Amemaliza panya wa Mama, wote wanane."

"Mama ana panya?"

"Hukusikia kwangu."

"Darmi. Kwenu kuna mtoto gani anayesoma darasa la tatu?"

Hapo ndipo akaachilia kicheko chake chote, mpaka mtoto akaamka. Akanipa karatasi. Ya vijumba.

*MWENYE PAKA. MFUGO WA MTU UKIINGIA KWANGU NAUFUNGA USHANGA NANGOJA MWENYEWE AJE KUULIZA. NDIVYO BABA ZETU WALIFANYA. DALALI GANI HAJUI ALAMA. SIKU SITA NIMEMFUNGIA MIMI AZOEE KULALA NA MTOTO WASIACHANE. NYUMBA YAKO BI MWANATUMU AMENIAMBIA IKO SAFI. WATUNZE WOTE. PEREMENDE USIACHE.*

*NI MIMI. JUA LA GARSEN.*

Nikakaa chini. Nikaisoma mara ya pili.

Nilikuwa nimemwita mama mkwe wangu *we mtoto*. Nilikuwa nimemwahidi kumchapa. Nilikuwa nimemlisha peremende pakiti nzima.

Na alama! Mimi, dalali, nimeona shanga za mifugo iliyopotea tangu nikiwa na meno ya maziwa. Maana yake ni moja tu: nimemwona, sijamwiba, njoo uulize. Angekuwa ndama ningejua saa hiyo hiyo. Kwa kuwa ni paka, nikaita uchawi.

"Ule mkoba si wa chama," Darmi akasema, machozi ya kicheko bado yako mashavuni. "Ni madaftari. Mama anasoma gumbaru, shule ya watu wazima, mwaka wa pili sasa. Hakutaka mtu ajue mpaka aweze kuandika barua nzima. Nilimwona anaandika, nikadhani ni kazi ya darasani. Mpaka wiki iliyopita alipokuja kunisomea moja, ile uliyoandika pande mbili. Upande wa kwanza alicheka. Upande wa pili hakuweza kuumaliza, nikamsomea mimi."

Nikafunika uso.

"Jilo, hakuna mtu aliyewahi kumwandikia Mama barua maishani mwake. Wewe ndiye wa kwanza. Zako zote ameziweka kwenye sanduku lake, pamoja na kitambulisho na cheti cha kifo cha Baba."

Nililia kidogo, na sioni aibu kuandika hapa.

Nikasimama dirishani. Bado alikuwa kule barabarani, ametupa mgongo, anangoja tu kuhakikisha. Kwenda kwake siwezi. Kumwita siwezi. Nikachana karatasi, nikaandika lile neno moja ambalo mila hainiruhusu kulisema, nikafungia ndani peremende zote za chungwa zilizobaki, nikampa Darmi ampelekee.

Alisoma kwa muda mrefu neno hilo moja. Kisha akaondoka, mdomo unatafuna.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu warudi. Panya wamehama, sijui wako kwa nani. Mtoto amenenepa. Mtamba, ama Mgeni, analala kwetu. Ila kila siku saa nne hupita mathenge, na saa nane hurudi, na shingoni hakosi karatasi. Ya jana nawanukulia:

*DALALI. JUZI SOKONI ULINIPA MGONGO. MGONGO MZURI UMENYOOKA. HESHIMA IMEFIKA.*

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kumkaribisha mtu moyoni ama nyumbani, usimfunge kamba na usimfukize moshi. Toa sumu nyuma ya mlango, fagia, weka maji, halafu kaa chini unyamaze ungoje. Paka hukubali mwenyewe kwa wakati wake. Mama mkwe pia.

Sasa niacheni niende dukani. Za chungwa zimeisha.